Maji ya Mnara wa Mbaha

Asubuhi ile Luisa alikuwa anafua machujio. Sadiki dereva ndiye aliyeipa kazi ile jina hilo, na kweli ilifanana na kufua. Machujio sita ya hewa ya mashine, kila moja limejaa vumbi jekundu la barabara ya ziwani. Alikuwa anayagonga ukutani, anayapuliza, anayafuta kwa kitambaa kibichi, halafu anayaning'iniza kwenye kamba nyuma ya stoo yao pale Mbinga kama soksi za shule. Ukungu ulikuwa bado umelalia milima upande wa Maguu, kwao. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, lakini kwa ndani, midomo imefungwa, maana Luisa hata akiwa peke yake alikuwa anaona aibu kusikika.

Sababu ya kuimba alikuwa nayo. Baba yake, Mzee Bernadi, alikuwa ziwani, Mbaha, pamoja na wazee wengine wawili wa ukoo. Walikuwa wamekwenda kumposea Meshack, mdogo wake Luisa wa kiume, na anayeposwa ni binti wa Kinyasa, watu wa ufukweni, anayeitwa Glorious. Walitoka Maguu jana yake kukiwa bado giza, wakaifuata ile njia ya miguu inayoshuka mlimani mpaka ufukweni, na Meshack nyuma yao amebeba mfuko wa kahawa na kuku wawili wanaomchafulia shati. Usiku walilala ukweni. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya maneno.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa ovaroli. Luisa alidhani ni Meshack. Haikuwa Meshack, ilikuwa mashine.

"Mbaha. Seli imezima. Betri asilimia 58."

Kazi ya Luisa ilikuwa kutunza mashine za umeme kwenye minara ya simu ambayo nguzo za umeme hazijaifikia. Zamani mnara wa Mbaha ulikuwa na jenereta ya dizeli. Dizeli ikaibwa, ikaletwa nyingine, nayo ikaibwa, mpaka kampuni ikachoka ikaleta kabati jeupe lisilozidi friji kwa ukubwa, linaloitwa seli ya mafuta, la kuchaji betri za mnara. Lilikuwa linatumia methanoli, kimiminika cheupe kama maji, harufu yake kama spiriti. Mabosi wa Dar walifurahi sana. Walisema mafuta haya hayaingii kwenye gari, hayaingii kwenye pikipiki wala kwenye injini ya boti, kwa hiyo hakuna atakayehangaika kuyaiba.

Siku tisa zilizopita Luisa mwenyewe aliunganisha madumu manne ya bluu yaliyojaa, lita sitini kila moja, akayaandika namba, akayafungia ndani ya kizimba cha chuma, ufunguo akamwachia mlinzi. Mashine inakula lita sita kwa siku. Yale mafuta yalitakiwa kufika mwezi ujao.

Alimpigia mlinzi, Mzee Raimundi. Mzee huyu alikuwa baba mdogo wa Glorious, na tangu habari ya posa ianze hakumwita tena Luisa fundi, alimwita mkwe, kwa kumtania. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na vigelegele na mtu anayepiga ndoo kama ngoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Wazee wako wamefika salama. Magoti tu ndiyo yanalia. Nyie watu wa milimani mchanga hamuuwezi."

Luisa akacheka kidogo, akauliza habari ya mashine. Mzee Raimundi akasema mashine imelala tu, hata mtu huwa analala. Luisa akamuuliza kama feni yake inazunguka. Mzee akajibu kwamba hayupo mnarani, leo ni siku ya shughuli, na halafu kichwa kinamuuma na ukungu wa leo umezidi, ziwa lote limekuwa jeupe, hata mitumbwi haioni. Luisa akauliza habari ya mafuta. Hapo mzee akamwambia mtu aliye karibu apunguze kupiga ndoo.

"Mafuta yapo," akasema. "Ila leo usije, mkwe. Tuache tuwapokee wageni. Kuna kitu tumewaandalia ambacho huko kwenu hawajawahi kukionja."

Akakata.

Luisa alifikiri ni samaki. Alifikiri mbasa mkubwa wa kuchoma, na moyo wake ukatulia. Lakini alipofungua vipimo kwenye simu aliona kitu ambacho hakukielewa. Seli haikuzima kwa kukosa mafuta. Ilizima kwa sababu mafuta yaliyoingia yalikuwa mepesi mno, karibu nusu yake maji.

Saa tatu walikuwa barabarani, yeye na Sadiki, kwenye pikapu ya kampuni, madumu mawili mapya yamefungwa nyuma kwa kamba. Sadiki alizaliwa Mbinga lakini wazee wake walitoka Kilwa, na maneno alikuwa nayo ya kutosha watu wawili, jambo lililomfaa sana Luisa. Alizungumzia bei ya tairi. Alizungumzia Wamatengo wanavyolima mashimo ya ngoro mpaka mlima unafanana na sega la nyuki. Walipoanza kuyaacha mashamba ya kahawa, akamuuliza fundi wake ana nini, mbona leo amenyamaza kuliko alivyozoea kunyamaza.

Luisa akamweleza habari ya mafuta mepesi. Akasema labda utando wa seli umepasuka, maji yanarudi nyuma.

"Acha utando," Sadiki akasema. "Huo ni mchezo wa wauza maziwa. Unachota lita kumi, unarudishia maji lita kumi. Dumu linaonekana limejaa."

"Lakini nani ayaibe, kaka Sadiki? Hakuna chombo kinachoyatumia."

"Chombo kipo, dada. Kina miguu miwili, na jioni kinaimba."

Alisema kwa mzaha, akacheka mwenyewe, akabadilisha gia. Luisa hakucheka. Aligeuza uso dirishani, na siku ile ya kujaza mafuta ikamjia yote, kama mtu anayerudi chumbani kutafuta alichosahau.

Siku ile Mzee Raimundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kabati, anasuka wavu. Aliuliza swali ambalo watu wote huliuliza: umeme unatokaje humu bila moto, bila moshi, bila kelele? Luisa hakuwa mtu wa kusema, lakini mashine zile alizipenda, na ukimuuliza habari zake alikuwa anasahau aibu. Alimweleza kwamba humo ndani hakuna kinachowashwa. Katikati kuna utando mwembamba. Upande mmoja yanapita mafuta, upande wa pili inapita hewa. Mafuta yakigusa ule utando yanagawanyika vipande vidogo visivyoonekana, vingine vinaitwa protoni, vingine elektroni, na vyote vinataka kuvuka kwenda kwenye hewa. Ila utando unabagua. Protoni wanaruhusiwa, elektroni wanakataliwa.

"Ni kama mtu wa Maguu anayetaka kuja huku," alimwambia. "Wa miguu anashuka mlima moja kwa moja anafika. Lori haliwezi. Lori mpaka lizunguke Mbinga, lipite Kitai, lipite Lituhi, ndiyo lifike. Sasa lori lile linalozunguka ndiyo umeme, baba. Sisi tunalingoja barabarani, tunalibebesha kazi zetu, halafu linakwenda kukutana na wenzake."

"Na wakikutana?"

"Wanachanganyika na oksijeni ya hewani wanakuwa maji. Na hii yetu inatoa pia hewa kidogo kama tunayoitoa puani."

Mzee aliupenda sana ule mfano wa lori. Akataka kujua kama mashine hizi zote ni za namna moja. Luisa akakaa chini kabisa kwenye mchanga, ovaroli na yote. Akasema kinachozitofautisha ni kile cha katikati. Ipo yenye utando wa plastiki inayokula hidrojeni safi, hiyo inawekwa kwenye magari na mabasi huko nje. Hii ya Mbaha ni ndugu yake, ila yenyewe inakula methanoli, kwa kuwa dumu ni rahisi kulibeba kuliko mtungi wa gesi. Ipo yenye tindikali ya fosforasi katikati, kubwa, ya kuwashia majengo kama hospitali. Zipo mbili za moto mkali, moja ina chumvi iliyoyeyuka na nyingine ina kigae kama cha chungu, hizo joto lake linakaribia la tanuri la matofali, zinafaa viwandani. Na ipo ya zamani, yenye magadi makali ya potashi, hidrojeni upande huu na oksijeni upande ule, ambayo ilipelekwa angani na watu waliokwenda mwezini. Ile, alisema, ilikuwa safi mpaka wale watu walikuwa wanakunywa maji yake.

Mzee Raimundi akaacha wavu. Pembeni ya kabati kulikuwa na kibomba kinachodondosha maji tone kwa tone, na chini yake alikuwa ameweka jagi. Lilikuwa limejaa nusu. Akalinyanyua.

"Kwa hiyo haya yananyweka."

Hapo ndipo Luisa alipotakiwa kusema hapana. Alijua. Mafunzoni walifundishwa kwamba kwenye aina hii mafuta kidogo huuvuka utando pamoja na maji, na kitabu cha mashine kiliandika kwa herufi nene kwamba maji yake si ya kunywa. Ya angani ni ya aina ile, si ya aina hii. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini mzee alikuwa ameshamimina kikombe, amekishika kwa mikono miwili, anamnyooshea.

Na kule kuna desturi yake. Anayekaribisha kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili wageni waone kwamba hakikutiwa kitu. Mashine ilikuwa ya Luisa. Kwa hiyo maji yalikuwa ya Luisa. Kuyakataa, mbele ya mzee ambaye mwezi ule ule wanaingia kwake kuoa, ilikuwa ni kumwambia nimekuletea hapa kitu kibaya.

Alikunywa. Mafunda mawili, hayakuwa na ladha. Mzee Raimundi alimtazama usoni kwa makini, kama anayetazama maji ya ugali kama yameanza kuchemka. Akangoja. Halafu akanywa na yeye, akafuta mdomo.

"Kinachotoka ni safi," akasema taratibu, na mkono wake ukaenda kupapasa dumu la bluu lililokuwa karibu naye. "Basi na kinachoingia ni safi."

"Hapana baba, hicho ni kikali. Usikiguse."

"Kikali," mzee akarudia, na akatabasamu.

Palikuwa na karatasi ya kumsomea mlinzi. Ilikuwa na mistari minne, na mstari wa pili ulisema kimiminika hiki ni sumu, husababisha upofu na kifo. Luisa aliusoma wa kwanza, akauruka wa pili, akausoma wa tatu na wa nne, akampa kalamu atie sahihi. Neno sumu ni zito kulitaja kwenye nyumba mnayokwenda kuoa. Watu wameachana kwa neno hilo. Akajiambia kikali kinatosha, mtu mzima ameelewa.

"Kaka Sadiki," Luisa akasema, akigeuka kutoka dirishani, "ongeza mwendo."

Sadiki alimtazama mara moja tu, akaongeza.

Walifika Kitai saa nne kasoro. Kituo kilikuwa kimejaa, basi la Songea linashusha watu, wanawake wanapandisha ndizi na karanga madirishani. Ilibidi wasimame kujaza upepo tairi la nyuma kabla ya kuikamata barabara ya Lituhi. Luisa hakushuka. Alikuwa anampigia Mzee Raimundi, simu inaita mpaka inachoka. Alimpigia baba yake. Simu ya Mzee Bernadi ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake, alikuwa anaiwasha jioni ili asimalize chaji.

Halafu ikaingia video. Meshack. Imetumwa dakika kumi zilizopita, na chini yake ameandika: "Dada, njoo uone wakwe zako wanavyotupokea."

Aliifungua. Ilianza na ziwa. Meshack alikuwa amelipitisha taratibu, kwa kulisifia, na ziwa lilikuwa la buluu mpaka mwisho wa macho, jua limewaka, mitumbwi mitatu inaonekana mbali kama mbegu za tikiti. Hakukuwa na ukungu hata kidogo.

Luisa akasimamisha video pale pale.

Mzee Raimundi alisema ziwa lote ni jeupe. Alisema hata mitumbwi haioni.

Mafunzoni Dar mwalimu wao alikuwa amewaambia jambo moja mara mbili, na mara ya pili alifunga daftari lake ili wamsikilize vizuri. Mtu akinywa methanoli haanguki palepale. Analewa kidogo, analala, anaamka, anatembea. Inaweza kupita nusu siku au siku nzima yuko mzima. Sumu yenyewe inapikwa ndani ya mwili wake taratibu. Halafu kichwa, halafu tumbo, na macho yanaanza kuona weupe, kama mtu aliyesimama ndani ya ukungu. Ukifika hapo umechelewa, ila hujachelewa kabisa.

Ina maana mzee alikunywa jana. Alikionja mwenyewe kwanza, kwa heshima, usiku kabla ya wageni kupewa, akaamka yuko hai, akajua ni safi.

Akaiachia video iendelee. Wazee wamekaa kwenye mkeka, baba yake katikati na ile kofia yake ya kanisani. Mzee Raimundi amesimama ameshika kijiko. Mtu mmoja akawasha kiberiti akakisogeza kwenye kijiko, maana gongo zuri kule linajulikana kwa moto wake, likiwaka buluu ni safi, likiwaka njano limechanganywa. Kwenye kijiko hakikuonekana kitu chochote, si buluu si njano. Watu wakaguna. Kijana mmoja akacheka, akasema hilo ni maji tu mmetoa bombani, akapitisha kidole juu ya kijiko, na akaruka nyuma anatikisa mkono. Watu wote wakaangua kicheko.

"Kali mpaka moto wake unajificha," Mzee Raimundi akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Alikuwa anacheka, lakini alipotaka kuweka kijiko mezani alikiweka hewani, kikaanguka. Akapapasa mpaka akaipata bilauri. Akaiinua juu ili kila mtu aone, akanywa nusu, akakaa kidogo, akafungua mikono: nimeonja, niko hapa. Nyuma yake, chini ya ukuta, lilionekana dumu la bluu, karatasi yake ya alama imebanduliwa. Lakini ile namba tatu ya kalamu ya wino mzito ilikuwepo. Luisa ndiye aliyeiandika.

Bilauri ikaenda kwa Mzee Bernadi. Yeye si mlevi, gongo aliliacha miaka mingi, tangu vidonda vya tumbo. Lakini kikombe cha ukweni hakikataliwi, na aliyekileta amekwisha onja. Baba yake akavua kofia, akaiweka gotini, akaipokea bilauri kwa mikono miwili. Akaitazama. Akainua uso kama anayetaka kusema neno la shukrani.

Video ikaishia hapo.

Luisa alimpigia Meshack. Iliita mara moja, ikakatika. Akapiga tena. Namba unayopiga haipatikani. Juu ya kioo likashuka tangazo dogo, limeandikwa kwa utulivu kama mengine yote: "Mbaha. Betri imekwisha. Mnara umezima."

Betri zile zilikuwa za zamani. Aliomba mpya tangu mwaka jana.

Sadiki alikuwa amerudi na risiti ya upepo mdomoni. Akaona uso wa Luisa akaitema. Luisa alimweleza kwa maneno machache sana. Mnara mwingine kule hakuna. Mitandao yote inaning'inia kwenye mnara ule ule, na mnara umekufa kwa sababu chakula chake kiko kwenye bilauri.

Sadiki akampigia binamu yake Fakihi, mwenye duka Lituhi. Fakihi hakuelewa mara ya kwanza, akadhani wanazungumzia dizeli. Alipoelewa akasema anamtoa bodaboda sasa hivi, ila kwa mchanga ule kufika Mbaha ni saa nzima, kama mto wa njiani hautamsumbua. Luisa yeye alipiga hospitali ya kule Lituhi. Aliyepokea alikuwa nesi, mama mwenye sauti ya usingizi, lakini aliposikia neno methanoli usingizi uliisha. Aliuliza ni watu wangapi. Luisa akasema hajui, labda kumi, labda ishirini, ni posa. Akauliza wameshaanza kuumwa? Luisa akasema mmoja haoni vizuri, wengine wanacheka.

"Waleteni wote," nesi akasema. "Hata hao wanaocheka. Hao wanaocheka ndio tunaowataka kwanza."

Walitoka Kitai mbio, lami ikaisha, vumbi likaanza kuingia mlangoni. Kila mara pikapu ilipoingia shimoni yale madumu mawili ya nyuma yaligongana, na yakatoa sauti ya kitu kilichojaa. Luisa alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Mtandao wa Kitai ungewafuata kilometa chache tu, halafu milima ingeuficha. Alijua kwamba ujumbe ukiondoka sasa utakaa mahali fulani angani ukisubiri, na mnara ukirudi hata kwa dakika moja utashuka. Mara nyingine betri iliyozima ikipumzika kidogo huamka ikapumua. Amewahi kuona hivyo, mara mbili.

Akaandika: Meshack, hicho kinywaji ni mafuta ya mashine, msinywe.

Akaufuta. Meshack angecheka. Meshack angewasomea watu kwa sauti, na wangemcheka dada yake anayeogopa vitu vikali.

Akaandika tena. Safari hii aliandika neno lenyewe, herufi kwa herufi.

"Meshack. Hiyo ni SUMU. Si gongo. Inaua na inapofusha, hata kama sasa mko wazima. Mwageni yote. Hata waliokunywa kidogo waende Lituhi hospitali leo hii, wasingoje kuumwa, nesi anawasubiri. Baba Raimundi awe wa kwanza, macho yake yameanza. Waambie yeye hana kosa, hakujua. Mimi ndiye niliyenyamaza. Niambie baba amekunywa au hajanywa. Nijibu neno moja tu."

Akautuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu; ya pili hutokea ujumbe ukifika.

Sadiki aliuliza kama ujumbe umekwenda. Luisa akasema umekwenda. Hakusema umefika. Kwa mbali, chini kabisa, milima ilipoachana, ziwa likaonekana kwa nukta moja, la buluu na limetulia, kisha kona ikalificha. Alama ya mtandao juu ya simu ikashuka ikawa mistari miwili, ikawa mmoja. Akampigia yule bodaboda kwa namba aliyopewa na Fakihi. Naye alikuwa ameshaingia upande wa Mbaha, hapatikani.

Akarudi kwenye ujumbe wake. Aliusoma wote tangu mwanzo. Saa nne na dakika hamsini. Saa nne na dakika hamsini na sita. Alikuwa anakiamsha kioo kwa kidole kila kilipotaka kuzima, na kila kilipoamka ile tiki ilikuwa moja.